British Seagull ya zamani: injini ya kununua na kuifufua, au ya kuiacha sokoni?

Kwenye masoko ya vifaa vya boti vilivyotumika nchini Uingereza, kama lile la Beaulieu kule Hampshire, injini ya kupachika ambayo hukosi kuiona ni British Seagull. Utaitambua kwa mbali: tangi la duara juu, flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na kamba) iliyo wazi bila kifuniko chochote, mabomba membamba marefu yanayoshuka hadi majini, na kamba yenye fundo ya kuwashia. Bei yake huwa chini sana ya injini mpya ndogo, na muuzaji karibu kila mara atakwambia "mwaka jana ilikuwa inawaka". Tathmini hii ni kwa anayefikiria kutoa pesa yake pale, au aliyekabidhiwa moja iliyokaa stoo miaka mingi na hajui aanzie wapi.

Tuseme msimamo mapema. Seagull ni injini nzuri kwa mtu anayependa kushika spana na mwenye hori au kimashua kidogo cha kutembezea kwenye mto au bandari tulivu. Haifai kwa kutafutia riziki. Na tofauti na wanunuzi wengi wanaokimbilia kuuliza kama inatoa cheche, sisi tunasema ikaguliwe kuanzia chini kwenda juu. Sehemu ya juu ya mashine hii hurekebishika mezani kwa vipuri vya bei ndogo. Sehemu ya chini ikiwa imekufa, umenunua chuma chakavu.

Imetoka wapi, na uliyo nayo ni ipi

Seagull ilianza mwaka 1931 huko Wolverhampton, kwa kampuni ya John Marston, wenye jina la Sunbeam. John Way-Hope na Bill Pinniger ndio walioichukua baadaye na kuihamishia Poole, Dorset, na injini nyingi zilizobaki leo zilitoka huko Poole. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Uingereza liliagiza maelfu ya modeli ya 102, na sifa ya ugumu ilianzia hapo. Uzalishaji ulikoma miaka ya 1990.

Kuna familia mbili zinazomhusu mnunuzi wa leo. Ya kwanza ni ya silinda ya cc 64, nayo huitwa Forty: Featherweight ni nyepesi, Forty Plus ina nguvu ya kusukuma zaidi. Ya pili ni ya cc 102, inayojumuisha modeli 102 zenyewe, halafu Century, Century Plus, Silver Century na Silver Century Plus. Zote ni silinda moja, mipigo miwili, za kuchanganya oili na petroli, na zote hupozwa kwa maji.

Usiamini maandishi ya kwenye tangi. Matangi ya Seagull hufunguliwa kwa dakika chache, na katika miaka hamsini mengi yamehamia kwenye injini zisizo zake. Tafuta namba iliyogongwa kwenye alumini ya kasha la krenki; isugue kwa brashi laini na mafuta ya taa, kisha paka chaki ili tarakimu zionekane. Kuisugua kwa msasa ni kuifuta.

Herufi za mwanzo zinataja modeli. WS ni Silver Century, WSP ni Silver Century Plus. Ikifuata C, injini ina klachi. Ikifuata L, ina mguu mrefu, yaani sehemu inayoshuka majini ni ndefu. Kwa hiyo WSPCL ni Silver Century Plus, yenye klachi, mguu mrefu. Mwisho wa namba, kwa zile za kuanzia miaka ya 1960 iliyosonga, kuna herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka. Herufi moja ni muongo wa 1960, herufi ikirudiwa mara mbili ni 1970, ikirudiwa mara tatu ni 1980. Namba inayoishia na GG4 ni ya Julai 1974. Zile za zamani zaidi hazina alama hii, na kuzipangia mwaka huhitaji kulinganisha kabureta, magneto (kifaa cha kutengeneza cheche) na umbo la tangi.

Hili si jambo la wakusanyaji tu. Namba ndiyo inayokwambia uagize gasketi ipi, na ndiyo inayoamua uwiano wa oili. Muuza vipuri wa Seagull swali lake la kwanza ni namba, na mtu asiyekuwa nayo huishia kupokea platini (ncha za kukatisha umeme ndani ya magneto) zisizoingia.

Pima pia urefu wa mguu kabla ya kununua. Ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, kwa vyombo vingi vidogo una kimo cha takriban sentimita 38, na vya mguu mrefu takriban 51. Seagull yenye mguu mfupi kwenye tezi ndefu haitavuta maji ya kupozea, na sababu tutaieleza mbele.

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Nenda na spana ya plagi, tochi, na kitambaa. Toa plagi kwanza. Sasa shika propela uizungushe kwa mkono. Kwenye modeli isiyo na klachi, flaiwili inapaswa kuzunguka nayo, tena kwa kasi zaidi, kwa kuwa giaboksi inapunguza mwendo. Sikiliza. Sauti ya kusaga au mshtuko kila mzunguko ni jino la gia lililovunjika. Propela ikizunguka peke yake huku flaiwili imetulia, kuna mambo matatu: springi ya propela imekatika, au ncha za mraba za shafti ndefu zimelika zikawa duara, au gia zimeachana. Springi ni kitu kidogo. Hayo mengine mawili yakupe sababu ya kushusha bei kwa nguvu au kuondoka.

Hiyo springi inastahili maelezo, maana wengi huidhani ni nyongeza ya fundi wa mtaani. Propela ya Seagull haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti. Inasukumwa na springi nzito iliyoviringishwa kwenye shafti, na springi hiyo ndiyo inayomeza mshtuko propela ikigonga jiwe au gogo. Kwa hiyo hakuna pini ya kukatika. Kuna pini ya kukunja tu inayozuia propela isichomoke, na hiyo pini ibadilishwe kila unapoifungua. Ya chuma cha pua haina gharama.

Tikisa propela juu na chini. Mchezo kidogo ni kawaida: mashine hii ilitengenezwa na nafasi pana kwenye bushi zake. Ukisikia inagonga "tak tak", bushi zimekwisha.

Fungua bolti ya oili ya giaboksi. Ikitoka oili nyeupe kama maziwa yaliyoganda, usishtuke. Seagull haina sili za mpira chini kama injini za leo, maji huingia kidogo na oili hutoka kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukipata maji matupu yenye kutu, hiyo imekaa miaka bila oili, na gia zimeshaanza kuliwa.

Halafu panda juu. Rudisha plagi, zungushia kamba, vuta polepole. Usitegemee ukinzani wa injini mpya, kwa sababu mgandamizo wa Seagull ni wa chini tangu kiwandani. Unachotafuta ni flaiwili kugoma kidogo na kurudi nyuma inapofika juu ya mpigo. Ikipita laini bila kugoma popote, ringi zimeganda ndani ya pistoni au silinda imeliwa na kutu. Ringi zilizoganda hulegezwa. Silinda iliyoliwa ni kazi ya karakana, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya injini nyingine nzima.

Tazama kwa tochi mshono kati ya silinda na hedi. Silinda ni chuma cha kutupwa, hedi ni alumini, na maji ya chumvi yakikaa kati ya metali hizi mbili alumini ndiyo inayoliwa. Chumvi nyeupe inayochungulia kwenye mshono inakwambia bolti za hedi zitakuwa zimeshikana na huenda zikakatika.

Cheche? Iangalie ukitaka. Kukosekana kwake kusikuzuie kununua. Tuko tayari kuchukua injini isiyo na cheche yenye giaboksi nzima kuliko inayowaka kwa mvuto mmoja huku propela inayumba.

Spana za nchi nyingine

Kosa la kwanza la fundi aliyezoea Yamaha ni kuchukua spana za milimita. Bolti na nati za Seagull ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, Whitworth na BSF, na skrubu ndogo za magneto ni BA. Spana ya milimita itakaa kwa kulegea, itazunguka, na itakula pembe za nati. Seti ndogo ya spana za Whitworth iliyotumika hupatikana masoko yaleyale kwa bei ya chakula cha mchana. Usibadilishe bolti kwa za milimita hata kama zinaonekana kuingia nyuzi mbili tatu. Ya tatu itachana alumini.

Bolti zilizoshikana zisilazimishwe. Mimina mafuta ya kupenya, acha usiku mzima, kisha pasha moto alumini iliyo pembeni ya bolti. Alumini hutanuka zaidi ya chuma, na tofauti hiyo ndiyo inayovunja mshiko. Geuza kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikikatika licha ya yote, toboa katikati ya kisiki kwa keekee ndogo, panua taratibu, na weka nyuzi mpya za kupachika za chuma cha pua.

Magneto

Za zamani zina magneto ya Villiers, zilizofuata ni Wipac, na za mwisho kabisa zina mfumo wa kielektroniki usio na platini. Kwa mbili za mwanzo kazi inafanana.

Flaiwili hukaa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kuwa nyembamba kuelekea juu, nayo hung'ang'ania. Kabla ya kuigusa, weka alama ya rangi kwenye flaiwili na nyingine kwenye ncha ya krenki zikiwa sambamba. Ukiirudisha imegeuka hata kidogo, cheche itakuja wakati si wake na utatafuta ugonjwa kwenye kabureta bure. Legeza nati ya kati mpaka uso wake ulingane na ncha ya krenki ili kulinda nyuzi. Mtu mmoja ainue injini kwa kushika flaiwili pande zote mbili, uzito wote uning'inie, na mwingine agonge nati mara moja kwa nyundo ya shaba au plastiki. Usiingize bisibisi pembeni mwa flaiwili na kuinua kama unafungua kopo: chuma hicho hupasuka, na ukigonga kwa nguvu mno unapunguza sumaku.

Ndani utakuta platini zilizoota ukungu wa kijani. Zisugue kwa kipande cha msasa mlaini namba 600, kisha pitisha karatasi safi iliyolowa spiriti katikati yake mpaka itoke haina doa. Wengi huishia kwenye msasa, na vumbi linalobaki linazuia umeme vilevile. Mwanya ukiwa wazi kabisa uwe milimita 0.5, sawa na elfu 20 za inchi kwenye fila geji ya Kiingereza. Mwanya wa plagi ni huohuo, 0.5, na hapo hukosewa sana, maana mtu huweka 0.8 au 0.9 aliyozoea kwenye gari. Magneto ya mashine hii kwa mvuto wa kamba haina nguvu ya kuruka mwanya huo.

Plagi ya asili kwa nyingi ni ya nyuzi pana za milimita 18, Champion 8COM. Inayotumika sasa ni Champion D16 au NGK A-6. Plagi ya pikipiki ya milimita 14 haitashika.

Baada ya hapo, kama bado hakuna cheche, badilisha kondensa na waya mnene wa plagi kwa pamoja. Ni vitu vya bei ndogo na umri wao ni mmoja. Koili ni ya mwisho kushukiwa. Koili inayokufa kwa umri ina tabia yake: injini inawaka ikiwa baridi, inakwenda dakika kumi, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Ukiona hivyo baada ya kondensa mpya, agiza koili.

Petroli, oili na kabureta

Hapa ndipo panapoharibikia injini nyingi, na palipo na ushauri mwingi wa hovyo. Seagull za kuanzia mwanzo hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa 10:1. Yaani mililita 100 za oili kwa kila lita ya petroli. Tangi la akiba la lita 5 linataka nusu lita nzima ya oili. Za baadaye ni 25:1, mililita 40 kwa lita, mililita 200 kwa lita 5. Mtu anayetoka kwenye injini za 50:1 huona 10:1 ni wendawazimu, akamimina mchanganyiko wa mashine yake nyingine. Injini itawaka. Itakwenda vizuri kiasi. Na bushi zitakwisha.

Sababu yenyewe: krenki ya Seagull haikukaa kwenye beringi za gololi bali kwenye bushi, na bushi hizo ndizo pia sili za kasha la krenki. Oili nyingi inafanya kazi mbili, kulainisha na kuziba. Bushi zikilika, mgandamizo wa ndani ya kasha la krenki unavuja, petroli haisukumwi vizuri kwenda juu, na injini inakuwa ngumu kuwaka hata ikiwa na cheche ya kung'aa. Ugonjwa huo hauponi kwa plagi mpya.

Kuna modeli za zamani zenye kabureta ya Amal zinazoweza kugeuzwa kwenda 25:1, ila lazima sindano ya kabureta irekebishwe au ibadilishwe. Fikiria hivi: ukipunguza oili, sehemu ya petroli ndani ya kila tone inaongezeka, kwa hiyo injini inapata petroli nyingi kuliko iliyopimiwa. Itatoa moshi, itakojoa mafuta kwenye kabureta, na mwenye nayo atadhani boya limetoboka. Za zamani sana ziachwe kwenye 10:1 bila mjadala. Oili iwe ya injini za boti za mipigo miwili, yenye alama TC-W3.

Petroli ya vituo vya Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yaani ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli hunywa maji, hula rangi ya kinga ndani ya boya na hukausha koki. Nunua ile ya daraja la juu ya E5. Koki ya mafuta ya Seagull ni ya kusukuma na kuvuta, na ndani yake kuna kizibo cha mti wa koku. Kikikauka kinavuja. Kabla ya kununua kingine, kitoe, kichemshe kwenye maji dakika chache mpaka kivimbe, kirudishe kikiwa na unyevu. Nusu ya koki "mbovu" hupona hivyo.

Kabureta yenyewe ni rahisi kuliko ya pikipiki. Fungua bakuli, toa boya, litikise sikioni: ukisikia kimiminika ndani limetoboka. Jeti ipulizwe kwa hewa, isitobolewe kwa waya wa chuma. Uzi mmoja wa nailoni ya kuvulia unatosha. Angalia kitufe kidogo cha kubonyeza boya kinarudi juu chenyewe. Kikikwama chini, kabureta itafurika bila kikomo.

Tangi lenye kutu litiwe kiganja cha nati ndogo na siki, litikiswe, liachwe siku moja, lisuuzwe kwa maji moto, likaushwe na kusuuzwa tena kwa petroli kidogo. Matangi ya zamani ya shaba nyeupe na nyekundu hayana shida hii, na tundu lake huzibika kwa risasi ya kulehemu. Ila tangi lolote lililowahi kukaa petroli lisisogezwe karibu na moto bila kujazwa maji kwanza hadi karibu na tundu. Mvuke uliobaki ndani unatosha kumtoa mtu macho.

Hedi na njia za maji

Injini iliyofanya kazi baharini ifunguliwe hedi, hata kama inawaka vizuri. Njia za maji ndani ya silinda hujaa chumvi na kutu mpaka kubaki tundu la kupitisha kijiti. Kwangua kwa waya mgumu na bisibisi ya zamani, suuza, kwangua tena. Siki iliyopashwa moto husaidia kwenye chumvi, lakini isikae kwenye alumini kwa saa nyingi. Sawazisha uso wa hedi kwa kuuzungusha juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, weka gasketi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa mshazari, kisha kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Paka nyuzi za bolti grisi ya kuzuia kushikana, ili atakayefungua baada yako asikulaani.

Impela ya maji ni moja ya mambo bora ya mashine hii. Si ya mpira unaosugua ukuta kama ya Yamaha au Mercury, bali ni gurudumu gumu linalorusha maji kwa mzunguko, lenye nafasi pana pembeni. Halichakai kwa mchanga na halihitaji kubadilishwa kila msimu. Gharama yake ni kwamba haliwezi kunyonya hewa: lazima lenyewe liwe ndani ya maji kabla injini haijawaka. Ndiyo maana mguu mfupi kwenye tezi ndefu huua silinda, na ndiyo maana ndoo ya kufulia haifai kwa majaribio. Tumia pipa la lita 200, maji yapite giaboksi kwa kiganja au zaidi.

Maji yasipotoka baada ya nusu dakika, zima. Kagua kichujio cha chini, halafu bomba jembamba la maji na mpira wake unaoziba pale linapoingia juu na chini. Mpira huo ukipasuka, maji yanavuja kabla ya kufika kwenye silinda, na impela nzima kabisa inalaumiwa bure.

Giaboksi

Oili ni SAE 140, nzito ya gia. Nambari 90 inayouzwa kila mahali ni nyepesi mno kwa mashine isiyo na sili, itatoka yote ndani ya siku moja. Kuna wanaoijaza grisi ngumu ili isivuje. Haitavuja, ni kweli, na haitarudi kwenye gia pia: ikishasukumwa pembeni inabaki pembeni, na meno yanasagana makavu. Kila baada ya matumizi ya siku kadhaa, simamisha injini, subiri maji yatue chini, legeza bolti, acha maji yatangulie kutoka, kisha ongeza oili mpaka ifike tundu. Doa la rangi ya upinde wa mvua nyuma ya boti ni sehemu ya Seagull, na ni sababu halali ya majirani kukununia. Maziwa kadhaa ya Ulaya yana masharti makali ya moshi wa injini, Bodensee likiwamo. Aliyeko Ujerumani, Uswisi au Austria aulize kabla hajanunua.

Kuiwasha, na tabia yake majini

Legeza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi, fungua koki, bonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli ichuruzike, funga choki, weka mkono wa mafuta theluthi hadi nusu. Zungushia kamba, vuta mara moja kwa nguvu na kwa urefu wote. Iliyo sawa huwaka mvuto wa pili au wa tatu. Ikishashika, fungua choki polepole.

Mambo mawili ya hatari. Flaiwili iko wazi na inazunguka usawa wa kifua cha aliyeketi, kwa hiyo shuka, kanga, mtandio na nywele ndefu vifungwe kabla ya kamba kuvutwa. Na modeli isiyo na klachi haina nyutro: inapowaka, chombo kinaondoka hapohapo. Omo iwe imeelekea kwenye maji wazi, na kamba ya gati iwe imeshafunguliwa.

Mwendo wake ni wa taratibu. Propela ni kubwa, kwenye Silver Century Plus ina mapanga matano, na inazunguka polepole. Inasukuma chombo kizito vizuri ajabu kwa injini ya cc 102 lakini haitainua chombo chepesi kuteleza juu ya maji hata ukiifungua yote. Forty Plus inatosha hori la mita tatu na nusu hadi nne. Kelele zake ni nyingi, mazungumzo hayawezekani.

Kwa mvuvi wa Mafia au Lamu anayesoma hapa na kuona bei, hesabu ni tofauti. Yamaha Enduro ya HP 15 ina silinda mbili za jumla ya cc 246, fundi wake yupo kila diko, na vipuri viko Dar es Salaam na Mombasa. Seagull ingemlazimu kuagiza kila gasketi kutoka Uingereza, kununua lita ya oili kwa kila lita kumi za petroli, na kufika uvuvini wenzake wakirudi. Hata ukipewa bure, gharama ya oili peke yake itakushinda.

Kwa aliye Uingereza, vipuri bado vipo kwa wauzaji maalumu: gasketi, platini, kondensa, koili, springi, bushi, koki. Agizo la kwanza liwe na seti nzima ya gasketi, kondensa, waya wa plagi, plagi mbili, springi ya propela, pini za kukunja na kizibo cha koki, na uliandike kwa namba uliyoisoma kwenye kasha la krenki. Mwisho wa kila safari ya maji ya chumvi, isuuze kwenye pipa la maji baridi kwa dakika tano, kisha funga koki ikiwa bado inawaka ili ile kabureta iishe petroli yote. Ihifadhiwe wima. Ikilazwa kwa kichwa kuelekea chini kuliko propela, maji yaliyobaki kwenye bomba hurudi kwenye silinda kupitia njia ya moshi, na ringi ulizozilegeza kwa shida zitaganda tena kabla ya msimu mwingine.